Riwaya za Darasani Katika Nyoyo za Watu wa Matuga

Katika nchi hii ya Matuga, katika pwani ya kusini ya Kenya, tokea Ng'ombeni na Waa mpaka Tiwi, na kutoka ufuoni mpaka miteremko ya milima ya Shimba, wamo watu wengi, wa makamo na vijana, ambao tangu siku walipoaga shule hawajapata kununua riwaya wala kuiazima, na juu ya hivyo, ukiwatajia Maimuna, au Kongowea Mswahili, au Mtemi Nasaba Bora, huitika papo hapo kama watajiwao jirani waliyekaa naye mtaa mmoja, ambaye habari zake wanazijua za dhahiri na za siri. Kanuni za aljebra zimewatoka. Majina ya mito na milima ya mabara ya mbali yamewatoka. Tarehe walizozikariri usiku kucha kwa ajili ya mtihani hazipo tena. Riwaya imebaki. Imebaki kwa mkulima wa minazi, kwa dereva wa matatu za Likoni, kwa karani wa ofisi za kaunti kule Kwale, na imebaki si kwa muhtasari ulioandikwa ubaoni, bali kwa watu wake, kwa dhuluma walizotendewa, na kwa ile hasira ambayo msomaji aliihisi kifuani mwake alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba. Aghalabu huzungumzwa juu ya vitabu vya shule kwa namna ya kwamba kazi yake humalizika pale mwanafunzi anapoweka kalamu chini katika chumba cha mtihani, ilhali ushahidi tulio nao huku kwetu waonyesha kwamba kazi iliyo kubwa zaidi hufanyika baadaye, polepole, katika miaka ambayo hakuna mwalimu wa kuisahihisha.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Tangu mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulipoanza kufanywa mwaka 1989, kila mtoto wa sekondari nchini Kenya hutahiniwa Kiswahili, na karatasi ya tatu ya somo hilo ni ya fasihi, ambamo huulizwa riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja ya hadithi fupi, pamoja na ushairi na fasihi simulizi. Vitabu hivyo huteuliwa, vikasomwa kwa miaka kadhaa, kisha vikaondolewa vikaletwa vingine. Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Unguja iliyotoka mwaka 1980, ilisomwa hadi mtihani wa 2012. Ikafuata Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kutoka 2013 mpaka 2017. Kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei kutoka 2018 mpaka 2022. Na baada yake Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba moja ya Waa waweza kuwakuta ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na riwaya yake, na kila mmoja akiamini kwa yakini kwamba iliyo yake ndiyo bora. Na mabishano yao wanapokutana sikukuu ya Idi huwa makali kuliko ya siasa.

Watu wa mwambao hawakuanza jana kusomeshwa hekaya. Shule za zama za Waingereza zilipewa Hekaya za Abunuwasi, zikapewa na tafsiri za riwaya za Kizungu, kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Na mwaka 1934 kikachapishwa London kitabu cha mtu wa kwetu, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, kile kitongoji cha Kisauni walikowekwa watumwa waliokombolewa baharini. Kitabu hicho kilisomwa na watoto wa shule kwa muda mrefu, na kwa huku kusini, ambako mapango ya Shimoni yanasimuliwa mpaka leo kuwa ndimo walimofungiwa waja wa Mwenyezi Mungu wakingoja majahazi, kisa chake hakikuwa kisa cha mbali. Lakini kilimwachia msomaji picha ya upande mmoja, ya manowari ya Mwingereza kuwa ndiyo rehema yenyewe na ya Mwarabu kuwa ndiye mwenye hatia peke yake, na picha hiyo ilikaa katika vichwa vya wazee wetu wengine hata baada ya uhuru, ikawafanya wawatazame jirani zao kwa jicho ambalo hawakuzaliwa nalo. Nalitaja jambo hili mapema ili isidhaniwe kwamba taathira ya riwaya ni ya heri sikuzote. Kinachokaa ndani ya mtu kwa miaka hamsini chaweza kumnufaisha na chaweza kumpotosha, na kwa hiyo wanaoteua vitabu wamebeba amana nzito.

Ukitaka kujua kwa nini riwaya ya darasani hukaa, tazama namna ilivyosomwa. Nakala ni chache, moja kwa wanafunzi watatu au wanne. Jalada lake la asili limekwisha kung'oka, nalo limevishwa gazeti; ukurasa wa kwanza una majina ya walioimiliki, moja limekatwa mstari na jingine likaandikwa chini yake, la kaka, la dada aliyemfuatia, kisha la mtoto wa jirani; pembezoni mwa maneno kumeandikwa kwa penseli “maudhui”, “tashbihi”, “muhimu sana”; na kurasa za mwisho hazipo, hata mwisho wa kisa hujulikana kwa kusimuliwa na yule aliyebahatika kupata nakala nzima. Kwa kuwa nakala hazitoshi, mwalimu husoma kwa sauti, au humwita mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi akasoma, saa nane za mchana, baada ya chakula, katika joto ambalo lingemlaza mtu kwa somo lingine lolote. Darasa hucheka pamoja. Hunyamaza pamoja. Msichana aliyeguswa mno huinamisha kichwa juu ya dawati machozi yasionekane, na wenzake, ambao wamemwona, hujifanya hawakumwona. Uhaba huo wa vitabu, ambao ni dhiki na haufai kusifiwa, umezaa jambo ambalo msomaji wa peke yake chumbani mwake hulikosa: kwamba kila sura ya riwaya imefungamana na sauti ya mtu fulani na nyuso za wenzake arubaini.

Tena watoto wa Matuga, wengi wao, walipita chuoni kabla ya kuingia shuleni, na huko chuoni wamezoezwa kwamba kisomwacho ni kisikiwacho, na kwamba maneno hayakai kwa kutazamwa bali kwa kurudiwa na ulimi na sikio. Kabla ya chuo walikuwako nyanya zao na ngano za jioni, za sungura na fisi na mtoto yatima, ambazo hazikusimuliwa mara moja zikaachwa, bali ziliombwa tena na tena mpaka mtoto akawa anamsahihisha msimulizi. Riwaya iliposomwa kwa sauti darasani iliingia katika mazoea hayo ya kale. Wala si huku kwetu tu ambako jambo hili limeonekana. Katika viwanda vya sigara vya Havana, nchini Cuba, tangu mwaka 1865 wafanyakazi walikuwa wakichanga fedha zao kumlipa msomaji awasomee magazeti na riwaya huku mikono yao ikikunja tumbaku, na watu wasiojua hata herufi moja waliweza kujadiliana juu ya watu wa Alexandre Dumas kwa undani. Ndiyo sababu ipo sigara ya Cuba mpaka leo yenye jina la Monte Cristo. Kitabu kilichosikiwa na wengi pamoja hakina mlango mmoja wa kutokea.

Na umri nao una sehemu yake. Mtu wa miaka kumi na sita au kumi na saba ndiyo kwanza anaanza kuwapima wakubwa wake. Mpaka juzi aliamini kwamba baba hakosei, kwamba chifu ni chifu kwa kuwa anastahili, kwamba mwalimu ajua. Sasa ameanza kuona nyufa, walakini hana maneno ya kuzitaja, na adabu aliyolelewa nayo inamkataza kuzitaja mbele ya watu. Hapo ndipo anapopewa kitabu, tena na serikali yenyewe, ambamo baba mkali anaonyeshwa dhuluma yake na mtawala mwizi anafuatwa mpaka mwisho wa wizi wake. Anaruhusiwa kumhukumu mkubwa, naye hajavunja heshima ya mtu yeyote. Mimi naamini kwamba ruhusa hiyo, ambayo wengi huipata kwa mara ya kwanza katika riwaya ya darasani, ndiyo isiyosahaulika. Majina ya wahusika hubaki kwa kuwa yameambatana nayo.

Tuanze na Siku Njema, riwaya nyingine ya darasani, ambayo Walibora aliichapisha mwaka 1996 na ambayo imewashika watu wa barabara hii ya Lunga Lunga kwa namna yake. Kisa chake ni cha kijana aitwaye Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, Zainabu Makame, ambaye baada ya kufiwa na mama yake anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua, mpaka akafika nchi za Kitale. Sasa, msomaji wa Nyeri au wa Kisumu huisoma Tanga kama mji wa ughaibuni, lakini kwa mtoto wa Kidigo Tanga ni kwao. Mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia karibu na Vanga kuelekea Kilimanjaro, uliwagawa Wadigo pande mbili, na hata hivi leo ni nadra kukuta ukoo wa Matuga au Msambweni ambao hauna shangazi Tanga, au mjomba aliyeoa Moa, au kaburi la babu upande wa pili wa Horohoro. Barabara itokayo Tanga kuja Mombasa hupita Lunga Lunga, ikapita Msambweni na Ukunda, ikapita hapa hapa Kombani. Basi mwanafunzi wa Waa aliposoma habari za mtoto anayeondoka Tanga kumtafuta baba wa Kenya, hakuhitaji kuambiwa na mwalimu mandhari ni nini. Yeye mwenyewe alikuwa akiona kila siku mabasi yenye vumbi la safari hiyo. Na zaidi ya barabara, kulikuwa na jambo ambalo halisemwi sana barazani: wamo wengi katika mwambao huu, ambao una hoteli za Diani na bandari ya Mombasa, walio na baba waliokuja kwa kazi wakaondoka, ambao jina lao liko katika cheti cha kuzaliwa na halina uso. Kwao Kongowea hakuwa mhusika mkuu wa kuorodheshewa sifa. Alikuwa mwenzao aliyethubutu.

Upana wa taathira hiyo ulidhihirika Aprili ya mwaka 2020, zilipofika habari kwamba Ken Walibora amegongwa na matatu Nairobi na kufa. Zilikuwa siku za maradhi ya korona, watu wamefungiwa safari na kutoka usiku kumepigwa marufuku, na walio wengi hawakuweza kwenda kumzika kule Cherang'any. Lakini katika redio na katika simu, toka pwani mpaka bara, watu ambao hawakumwona hata siku moja walimlilia kwa kutaja madarasa yao, na mwalimu aliyewasomea, na sura waliyolia. Mwandishi mzaliwa wa Bungoma, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, aliombolezwa Kwale kama mzee wa kiambo. Sikumbuki kuona mwandishi mwingine wa Kiswahili katika zama zetu aliyeagwa hivyo na watu wasiokuwa waandishi.

Habari za Utengano ni nyingine, na kwa mtazamo wangu ndiyo riwaya iliyochimba ndani zaidi kwa wasichana wa huku. Bwana Maksuudi, mtu wa hadhi na mali, anamweka ndani binti yake Maimuna, hasomi, hatoki, haonani na watu, ilhali yeye mwenyewe huko nje anafanya asiyothubutu kuyataja. Na msichana yule, mlango unapofunguka, anatoka pasipo kujua dunia na dunia inampokea kwa ukatili wake wote. Kitabu hiki kilisomwa katika shule za Kwale na mabinti ambao baadhi ya wenzao wa chekechea walikuwa wamekwisha kuolewa. Mwanamke mmoja anayekaanga mahamri na viazi karai pale Kombani, baada ya kusikia kwamba nauliza watu habari za vitabu vyao, alinipisha kwenye benchi kivulini na kuniambia, “Mwalimu, yule Maimuna darasa zima lilimlaumu, wavulana kwa wasichana. Mimi nikanyamaza. Najua mlango uliofungwa ulivyo, mlango wetu ulifungwa vile vile. Sasa nina binti yuko gredi ya saba, na baba yake ni mkali. Kila tukitaka kumkataza jambo, yule msichana hunijia, hunisimamia hapa.” Akanionyesha kifuani, mkono una unga. Nilipomuuliza kama anacho kitabu, akasema hakuwa nacho hata wakati ule, alikuwa akiazima cha mwenzake, nacho kurasa za nyuma zilichanwa, kwa hiyo mwisho wake hakuusoma bali aliusikia nusunusu. Nikamweleza, huku akigeuza mahamri katika karai. Hakuridhika na mwisho huo. Alisema angekuwa yeye, angeumaliza kwingine, na akanieleza wapi, kwa hoja zilizopangika ambazo zingempatia alama kamili kwa mtahini yeyote mwenye haki. Miaka kumi na mitano imepita tangu atoke shule, na riwaya ile angali anaiandika.

Kidagaa Kimemwozea iliwafikia watu kwa njia ya ardhi. Asiyejua Kwale asome kidogo juu ya mashamba yake: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa watu wenye madai yaliyokubaliwa na Waingereza hati za viwanja vya mwambao, na Wamijikenda wengi, ambao walikuwa wakilima na kuzika humo, wakajikuta ni wakaaji tu katika ardhi ya Taji au ya mwenye hati asiyeonekana, na neno skwota, ambalo mtu huitwa akiwa juu ya kaburi la babu yake, halijaondoka vinywani mpaka leo. Kwa wanafunzi kama hao ililetwa riwaya ya Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko, aliyejitwalia mashamba ya wenziwe kwa hila na kwa nguvu, na ya Amani na Imani, vijana wawili wanaokuja kufanya kazi za utumishi katika nyumba za watu waliowadhulumu. Nimepata kuhudhuria baraza moja la kijiji juu ya mipaka ya mashamba, ambamo kijana alisimama akamtaja mtu mwenye cheo kwa neno moja tu, “Mtemi,” kisha akaketi. Vijana wote wakaangua kicheko cha uchungu. Wazee, ambao hawakusoma kitabu, wakauliza maana yake. Na kwa muda wa nusu saa mipaka ikawekwa kando, riwaya ikasimuliwa pale chini ya mkorosho toka mwanzo mpaka mwisho, huyu akidakiza pale mwenziwe aliposahau, na wazee wakiitikia kwa vichwa kila ulipotajwa unyang'anyi waliowahi kuuona. Hivyo ndivyo kitabu kilichonunuliwa kwa ajili ya watahiniwa kinavyowafikia watu ambao hawatakishika mkononi. Na katika riwaya hiyo hiyo limo jambo la Mwalimu Majisifu kumwibia Amani mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe, ambalo wazee waliliona dogo mbele ya mashamba, na vijana wakaliona sawasawa nayo. Mabishano juu ya nukta hiyo yaliendelea hata baada ya baraza kufumukana.

Nimekusudia kuiweka Chozi la Heri mwisho, kwa kuwa hapa kalamu inakuwa nzito. Riwaya hiyo inaanza katika majivu ya ghasia zilizofuata uchaguzi: Ridhaa, tabibu, anarudi penye nyumba yake iliyoteketezwa na jamaa zake wamo ndani, na aliyeongoza uovu huo ni jirani, Mzee Kedi, mtu waliyekuwa wakila naye. Kosa la Ridhaa ni kwamba alihesabiwa mgeni mahali alipokaa kwa miaka mingi. Wanafunzi wengi waliotahiniwa kitabu hiki kati ya 2018 na 2022 walizaliwa baada ya usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, usiku ambao kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na vijana waliokuwa wamekula viapo katika msitu wa Kaya Bombo, ulio humu humu Matuga. Wakauawa polisi na raia, zikachomwa nyumba na vibanda vya watu wa bara, maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni kujisitiri, na kisha ikaja zamu ya vijana wa Kidigo kukimbilia misituni mbele ya misako ya askari. Katika nyumba nyingi za Ng'ombeni, Waa na Tiwi, mambo hayo yalifungwa. Hayakuzungumzwa mbele ya watoto, ama kwa huzuni, ama kwa hofu, ama kwa haya.

Kitabu kikaingia katika nyumba hizo ndani ya mfuko wa shule. Mzazi mmoja wa upande wa Ng'ombeni alinisimulia kwamba binti yake alikuwa akisoma kwa sauti usiku, kama alivyoagizwa na mwalimu, na alipofika penye moto na jirani, baba akamwomba asome tena. Aliposoma mara ya pili, baba akaanza kuzungumza, na alizungumza mpaka karibu na alfajiri: nani aliyeishi nyumba ya pili, alitoka bara gani, watoto wake walikuwa wangapi, alikuwa fundi wa nini, na alfajiri ile alipitia njia ipi na godoro kichwani. Binti hakuwa amepata kusikia kwamba katika kiwanja kile chenye mgomba mtu alikuwa akiishi. Sijui kama riwaya iliyoandikwa juu ya mahali pa kubuni yaweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Mwandishi wake hakuikusudia Matuga. Lakini amana iliyokuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka ishirini ilifunguliwa kwa ufunguo wake, na mtoto yule sasa anaijua historia ya kwao ambayo katika kitabu cha historia cha darasani haina hata aya moja.

Baada ya kuyashuhudia haya, nasikitika ninapoingia katika maduka ya vitabu ya Likoni na Ukunda nikaona kwamba kinachouzwa kwa wingi si riwaya bali mwongozo wake. Mwongozo humpa mtahiniwa muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui yaliyopangwa kwa nambari na mifano ya maswali. Simlaumu mtoto anayeununua. Mtihani uko mlangoni na ada ililipwa kwa kuuza mbuzi. Lakini katika watu wote niliozungumza nao barabara hii nzima, hakuna hata mmoja aliyenitajia neno alilolikumbuka kutoka katika mwongozo. Mwongozo humwambia msomaji kwamba Maksuudi ni mnafiki. Riwaya humfanya akae naye nyumbani mpaka aujue unafiki huo kabla ya kuupata jina. Anayeanza na jina hakai nyumbani humo kamwe. Swali la dondoo, ambalo watu wengi hulilalamikia, mimi nalitetea: kule kumtaka mtoto aeleze nani aliyesema, akimwambia nani, wapi na kwa sababu gani, humlazimisha kukirudia kitabu chenyewe, na kurudia ndiko kunakokifanya kikae. Vile vile nawatetea wale waigizaji wanaozunguka kutoka shule hadi shule wakiyaigiza maandishi haya kwa ada ndogo katika bwalo la chakula, hata pale wanapozidisha vichekesho, maana wameirudisha sauti mahali ambapo mwongozo umeiondoa.

Mtihani wa mwisho wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mwaka 2027. Katika mfumo unaoufuata, Fasihi ya Kiswahili imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchaguliwa katika sekondari ya juu, na wako watakaoichagua kwa mapenzi na wakaisoma vizuri zaidi kuliko waliotangulia. Walakini yule atakayekuwa fundi umeme, au mwuguzi wa hospitali ya Msambweni, au nahodha wa mashua ya watalii Wasini, hatalazimishwa kukaa miaka miwili na riwaya moja nzito katika darasa lenye wenzake arubaini. Na ni watu hao hasa ambao katika nchi hii wameibeba riwaya ya darasani maisha yao yote, kwa kuwa haikupata nyingine ya kuisukuma itoke. Wenye kupanga mitaala wana sababu zao, na baadhi yake ni za haki. Nami nawaomba, kabla hawajamaliza kazi yao, waje wakae siku moja katika baraza la Matuga wasikilize.

Kwa upande wetu lipo la kufanya lisilongoja waraka wa wizara. Kila riwaya inapoondolewa katika mtihani, nakala zilizobaki hufungwa kamba zikawekwa katika stoo za shule, na huko huliwa na mchwa. Watu waliozisoma wangali hai, wako umbali wa mwendo wa miguu kutoka stoo hizo, na wengi wao, kama yule mkaanga mahamri, hawakupata hata siku moja kuufikia ukurasa wa mwisho. Wakuu wa shule, kwa idhini ya bodi zao, wazitoe nakala hizo kwa misikiti na makanisa yenye vyumba vya kusomea, kwa vikundi vya akina mama, na kwa vijana wa bodaboda wanaokaa kutwa chini ya miembe wakingoja abiria. Na walimu wastaafu, ambao hawakosekani katika vijiji vyetu, wawasomee kwa sauti wale ambao macho yao yamechoka. Vitabu arubaini vya Utengano, kumi Waa, kumi Kombani, kumi Tiwi na kumi Ng'ombeni, vyatosha kuanzia.